Raheli na Kadi ya Nne

Kontena la Mansuri lilipofunguliwa mjini Singida, mwaka ule ambao kila kitu kilikuwa ruksa, Haji Abdulrazaki ndiye aliyetangulia kuingiza kichwa ndani, na ndiye aliyetangulia kukitoa.

"Mansuri, uliagiza nini?"

"Mitumba. Suruali na makoti."

"Basi wamekutumia suruali za chuma."

Kontena lilikuwa limejaa fimbo za gofu. Mia tano, wengine wanasema elfu, na Haji mwenyewe kila akisimulia huongeza hamsini. Fimbo nyembamba, kichwa kimepinda kama shingo ya heroe, yule ndege mwekundu, anayekunywa pale ziwa Singidani. Mansuri alikuwa na kinu cha kukamua alizeti na duka la nguo. Gofu aliijua kwa kuisikia redioni. Hata hivyo mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alizipanga fimbo nje ya duka, na baada ya wiki mbili mkoa mzima ulikuwa umezipatia kazi. Wenye mipapai waliangulia mapapai. Wenye mbuzi waliswagia mbuzi. Mzee mmoja wa Ilongero alienda nayo kuposa, akakubaliwa.

Raheli wa Sepuka alinunua moja ya kupigia alizeti.

Haji alikuwepo siku hiyo. Shirika alilokuwa akitunza stoo yake lilikuwa limefungwa, na yeye sasa alizunguka vijijini akimkusanyia Mansuri magunia. Alimkuta Raheli katikati ya uwanja wa kupuria, amefunga kitenge kiunoni, vichwa vya alizeti vimelala mbele yake kama watu waliokubali makosa. Alipiga kwa mwendo mmoja: fimbo ikapanda polepole, ikakaa juu kidogo kana kwamba imesahau kitu, kisha ikashuka. Kumbe chini ya alizeti kulikuwa na jiwe la ukubwa wa yai la kanga. Jiwe lile liliondoka. Likavuka shamba la kwanza, la pili, la tatu, likaenda kugonga kengele ya kanisa. Watu wakavaa nguo safi wakaja kusali, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Anayebisha akaulize Sepuka. Wapo walioimba nyimbo mbili kabla hawajagundua kwamba hakuna padri.

Haji aliacha magunia palepale, akapanda baiskeli kurudi mjini.

"Mansuri," alisema huku akihema, "hizi fimbo zina mwenyewe. Nimemwona."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mzunguko wa Gofu ya Kulipwa wa Mkoa wa Singida. Mansuri alitaka kumaliza fimbo zilizobaki, na akili yake ilimwambia kwamba watu hununua kitu wakikiona kinachezwa. Akatangaza vituo vinne: Ilongero, Singida mjini, Sepuka, na mwisho Kintinku. Mshindi wa kila kituo angepewa dume la ng'ombe. Lakini kilichowaleta wachezaji wa kulipwa kutoka Nairobi, Kampala, Moshi na Arusha hakikuwa dume. Wakubwa wa mzunguko wa Afrika Mashariki waliahidi kwamba wanne watakaomaliza msimu na mipigo michache kuliko wenzao, vituo vyote vikijumlishwa, watapata kadi ya kucheza mzunguko wao mwaka unaofuata. Kadi nne, basi. Waliojiandikisha walikuwa thelathini na mmoja, na mwanamke alikuwa mmoja.

"Mimi sina habari na dume," Raheli alimwambia Haji walipokuwa wakijaza fomu. "Dume ninalo nyumbani, tena ana adabu. Nataka hiyo kadi, baba Ziada. Nataka kuona watu wa huko wanapigaje."

"Na fimbo atakubebea nani, mama Joyce?"

"Wewe unafanya kazi gani siku hizi?"

Haji akaichukua fimbo, akaitia begani. Akawa kedi, yaani mbeba fimbo.

Sasa, gofu inataka grini, yaani pale penye shimo, mahali laini ambapo mpira unasukumwa taratibu hadi uingie. Kwingine wanaotesha nyasi fupi. Singida mwezi wa saba hata mbuzi hajui nyasi fupi ziko wapi. Ila mwezi wa saba mavuno yamekwisha, mashamba yako wazi, na kila kaya ina uwanja wake wa kupuria mtama na uwele. Kina mama wameuandaa kwa mikono yao: samadi mbichi imekandwa na udongo wa kichuguu na maji, kisha mama ameinama akasiliba, yaani akaipaka kwa kuvuta kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, mpaka mwisho. Ukikauka unakuwa mgumu kama saruji na laini kama sahani. Mwalimu Anselm, mstaafu aliyefanywa mwamuzi kwa kuwa ndiye peke yake aliyekisoma kitabu cha kanuni mpaka jalada la nyuma, alipiga magoti, akauviringisha mpira, akasema, "Grini ndizo hizi. Kitabu hakikatazi samadi."

Kitabu hakikutaja viatu pia. Wachezaji wa kulipwa walifika Ilongero na viatu vyenye misumari chini. Wa kwanza kukanyaga uwanja wa Bibi Maria alikuwa bingwa wa Nairobi, mtu mwenye vikombe vya kujaza kabati. Bibi Maria alitoka jikoni na mwiko.

"Wewe! Kwenu mnaingia chumbani na jembe?"

"Samahani, mama, haya ni mashindano."

"Kwanza hujanisalimia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Vua."

Wakavua. Ilikuwa saa saba mchana na jua la Ilongero halina mgeni. Uwanja wa samadi saa hizo unaweza kuchoma mkate. Mabingwa wenye nyayo laini walirukaruka kama wanacheza ngoma ya kwao, wakisukuma mpira haraka ili wakimbilie kivulini, na mpira unaosukumwa haraka hauingii. Mganda mmoja alisukuma mara sita. Raheli alivua kandambili zake, akaingia taratibu, akachuchumaa. Nyayo zake zilikuwa zimekanyaga mashamba miaka thelathini na sita. Jua lilipozigusa, lilitafuta pengine pa kwenda.

Hapo ndipo Haji alipoona jambo ambalo mpaka leo akilisimulia hushusha sauti. Raheli hakuwa akitazama shimo. Alikuwa akiitazama ile michoro ya kiganja iliyobaki kwenye sakafu, myembamba kama mistari ya ukucha.

"Bibi Maria anavuta mrefu," alinong'ona. "Mwanzo wa mkono ana nguvu, mwisho anachoka. Mpira ukienda na mkono wake utateleza, ukienda kinyume utakwama na kupinda. Unaona?"

"Naona samadi," Haji alisema.

Raheli akausukuma mpira pembeni kabisa ya shimo, kama mtu anayempelekea jirani salamu. Mpira ukaenda, ukaukuta mkono wa Bibi Maria, ukazunguka nao, ukaingia. Watu wakaguna. Yule bingwa Mkenya akaja akachuchumaa palepale, akatazama, akainuka akijifuta magoti.

"Dada, umeona nini hapa?"

"Nimemwona mwenye nyumba."

Ilongero Raheli alimaliza wa tano. Angemaliza juu zaidi, lakini mapigo yake ya mbali yalikuwa ya kutisha na hayakuwa na breki. Mpira mmoja ulipatikana siku ya tatu karibu na Mtinko, na kwa kanuni za Mwalimu Anselm huo ulihesabiwa umepotea.

Singida mjini mambo yaliharibika. Mansuri alisikia kwamba mahali pasipo nyasi watu hutengeneza grini kwa mchanga uliochanganywa na oili. Oili chafu hakuwa nayo ya kutosha, lakini masimbi ya alizeti, mashapo yanayobaki chini ya mafuta, alikuwa nayo mapipa na mapipa. Akamwaga kwenye mchanga, viwanja vyote, kando ya ziwa. Alfajiri vilimetameta. Saa tatu asubuhi kila kuku wa mjini alikuwa na habari, na saa nne mbuzi nao wakafika. Kuku wa Swaumu, muuza maandazi, aliukuta mpira wa yule Mganda katikati ya grini, akaukalia. Mwalimu Anselm akafungua kitabu, akakisoma kwa muda mrefu, akatangaza kwamba kuku ni mnyama wa porini kwa siku hiyo, na mpira utachezwa akiinuka kwa hiari yake. Akainuka saa kumi na robo. Chini yake palikuwa na mipira miwili, mmoja una ganda.

Kwenye mchanga ule hakukuwa na mkono wa mtu. Raheli alichuchumaa akakosa pa kusoma, kama aliyepewa barua isiyoandikwa kitu. Akamaliza wa kumi na moja. Kituo kilichukuliwa na Antipasi wa Arusha, kijana mrefu, mpole, aliyepiga mipira yake kwa mstari kana kwamba ameifunga uzi. Haji alimchukia kwa moyo wote, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Antipasi alimsalimia kila asubuhi bila kukosa.

Sepuka ilikuwa nyumbani. Huko Raheli aliwajua wasilibaji wote. Mikono mingine aliifundisha yeye. Alicheza siku mbili kama mtu anayetembelea mashoga zake, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba mpira unakaribishwa ndani. Zilipobaki grini mbili alikuwa anaongoza. Basi Haji, kwa furaha, akafanya kosa ambalo mtu wa mjini tu angelifanya. Kwao, mgeni anapokuja, ua hunyunyiziwa maji vumbi litulie. Aliona vumbi kwenye grini ya kumi na saba, akachukua kata kwenye mtungi wa mwenye mji, akanyunyiza kwa heshima zote, akimwimbia Raheli na kawimbo kadogo. Alipogeuka, Mwalimu Anselm alikuwa ameshafungua kitabu.

"Kedi ameibadili grini. Mipigo miwili ya adhabu."

Mipigo miwili ikawa mitano, maana samadi iliyolowa inarudi kuwa samadi. Dume la Sepuka likaenda kwa Mkenya. Raheli hakupiga kelele. Alikaa juu ya mwamba, akanywa maji, akasema, "Baba Ziada, kuanzia leo wewe beba. Kwenye grini usiseme, usiguse, usiimbe. Ukisema neno, natafuta mwingine."

Haji alilala siku hiyo bila kula, jambo ambalo mke wake alilitangaza kwa majirani kama kupatwa kwa jua.

Wakaenda Kintinku na lori la magunia. Mkenya, Mganda na kijana mmoja wa Moshi walikuwa mbele sana. Kadi tatu zilikuwa zimeshapata wenyewe. Ya nne iligombewa na wawili, Antipasi na Raheli, wakipishana pigo moja huku na moja kule siku nzima ya mwisho. Upepo ulivuma kutoka upande wa bonde, ukabeba kofia, vumbi, na mara moja kifaranga. Raheli alikuwa amejifunza kutia breki. Akikuta upepo usoni, alipiga chini, mpira ukapita katikati ya mabua kama panya anayejua njia. Haji alimtazama, fimbo begani, akasahau hata kuchoka. Alikuwa ameona wakubwa wa mashirika, wahasibu wenye tai, mabingwa wa ngumi. Hakuwahi kumwona mtu anayefanya kitu kana kwamba kitu chenyewe ndicho kilichomwomba.

Antipasi alimaliza kwanza. Hesabu ikawa wazi kwa kila mtu, hata kwa waliokuja kwa ajili ya pombe. Raheli alikuwa kwenye grini ya mwisho, hatua kumi na nne kutoka shimoni. Akiingiza kwa pigo moja, kadi yake. Akiingiza kwa mawili watalingana, na wakilingana kadi ni ya aliyewahi kushinda kituo, yaani Antipasi.

Grini ilikuwa uwanja wa Mama Mazengo, mjane wa pale, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo. Alisimama ukingoni akipokea viatu vya kila aliyeingia, maana sifa za Bibi Maria zilikuwa zimefika hadi reli ya kati. Raheli akampa kandambili zake kwa mikono miwili. Haji naye akavua, akanyoosha viatu vyake, na Mama Mazengo akavipokea kwa mkono wa kushoto.

Haji alihisi uso unawaka moto. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anapokelewa kwa kushoto mbele ya mkutano mzima! Alitaka kusema neno, akakumbuka kwamba haruhusiwi.

Raheli alichuchumaa. Akakaa hivyo muda mrefu. Akahama upande wa pili, akachuchumaa tena, akapitisha macho sakafuni, akarudi. Haji aliyajua mabega yake sasa. Yalikuwa mabega ya Singida mjini, siku ya mchanga wa mafuta.

"Sielewi," alisema chini chini, akijisemea mwenyewe. "Michoro inapinda hivi, nimeiona. Ila sijui mkono umeanzia wapi na kuishia wapi. Mkono wa kulia ungeanza huku, mzito, ukaishia kule, mwepesi. Huu mzito uko kule. Kama mtu amesiliba akitembea kinyumenyume."

Haji aligeuka kumtazama Mama Mazengo, bado na hasira yake. Mama yule alikuwa amesimama na viatu vyao vyote viwili viwili katika mkono huohuo wa kushoto, vinamwelemea, kimoja kimeanguka na hakukiokota. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge, umebanwa tumboni. Mtu akamgusa begani upande huo, naye akafunga macho.

Haji akapiga hesabu. Kusema au kutosema? Akisema akakosea, kadi imekwenda na yeye ndiye atakuwa ameiondoa, mara ya pili. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Alifikiria hivyo kwa muda wa kumeza mate, akaona aibu.

"Mama Joyce."

Raheli hakugeuka. "Nilikwambiaje?"

"Ulisema utatafuta mwingine. Mtafute. Lakini aliyesiliba hapa ametumia mkono wa kushoto."

Sasa akageuka. "Umejuaje?"

"Amenipokea viatu kwa kushoto. Nimekasirika, nikatazama. Wa kulia unamuuma, yuko nao ndani ya kitenge. Samadi siijui. Watu nawajua, nimewatolea mzigo stoo miaka kumi na tisa."

Mwalimu Anselm alikuwa amesogea na kitabu. "Kedi anaruhusiwa kusema," alisema kabla ya kuulizwa, kisha akajifanya anakohoa.

Raheli aliitazama sakafu upya. Akaitazama kama mtu anayemtambua mgeni mlangoni baada ya mgeni kuvua kofia. Akainuka, akavuka upande wa pili wa mpira, akaelekeza uso mbali na shimo, mbali kiasi kwamba watu walicheka na mlevi mmoja akamwonyesha shimo kwa kidole, kwa huruma. Fimbo ikarudi nyuma kidogo, ikakaa, kana kwamba imesahau kitu. Ikagusa.

Mpira ulikwenda zake. Ulifika katikati ukielekea kwenye zizi la mbuzi, na Haji akaona kwamba amemuua mwanamke wa watu. Kisha ukaingia kwenye mkono wa kushoto wa Mama Mazengo. Ukaanza kuegemea. Ukaegemea zaidi, ukapata ule mwisho mwepesi, ukapunguza mwendo, ukazunguka mdomo wa shimo nusu nzima ukichungulia ndani, ukazama.

Kelele zilizopigwa, treni ya mizigo iliyokuwa ikipita ilisimama ikidhani imepewa ishara, na dereva akashuka kuuliza nani kashinda. Antipasi alikuja akampa Raheli mikono miwili, akasema, "Dada, nilipita palepale asubuhi nikasukuma mara tatu," na Haji akaona kwamba hata kumchukia kijana huyu ni kazi ya bure.

Raheli alikwenda kwanza kwa Mama Mazengo. Akafunua kitenge taratibu. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, umefungwa kwa vipande vya mti.

"Nani amekufanya hivi, mama?"

"Dume la Mansuri. La zawadi. Walilifunga hapa juzi, likanirusha."

"Na ukasiliba?"

"Wageni wametoka Nairobi, mwanangu. Wakute kwangu kuna nyufa?" Akacheka kwa ile sauti ndogo. "Ila nilijua umenikamata. Nilikuona unavyonisoma. Nikasema huyu ataniambia umri wangu."

Haji alikuwa ameinamisha kichwa. Aliokota kiatu kilichoanguka, na vingine vyote akavipokea kutoka mkono ule wa kushoto, akasema, "Shikamoo, mama," ingawa walikuwa karibu rika moja.

Jioni walikaa juu ya magunia wakisubiri lori lijae. Kadi ilikuwa ndani ya kitenge cha Raheli, imefungwa kwenye pindo pamoja na ufunguo wa nyumba. Haji aliiomba aione mara nne, na mara zote nne akapewa.

"Mama Joyce, yule mwingine wa kubeba umeshampata?"

"Nimemtafuta. Hana subira, hana adabu, na anaimba vibaya. Nikaona heri huyu niliye naye, ana makosa hayohayo ila nimeyazoea."

Haji akahamia gunia la karibu yake.

"Kuna jambo. Nimemuuliza Antipasi. Huko Nairobi hakuna samadi. Grini zote ni nyasi."

"Nyasi."

"Fupi, kama nywele za askari. Hakuna anayesiliba. Zinakatwa kwa mashine."

Raheli alitafuna punje za alizeti, akatema maganda upande ambao upepo ulikuwa unakwenda.

"Mashine hiyo inatembea yenyewe?"

"Hapana. Kuna mtu anaisukuma."

"Kila asubuhi?"

"Antipasi anasema kila asubuhi."

"Basi tutafika siku mbili kabla," Raheli alisema, "tukamsalimie."